Tosamaganga: Kabla hujafufua Land Rover ya mzee, piga hesabu hii

Tosamaganga. Ukitoka Iringa mjini kuelekea upande wa Mbeya, kisha ukaiacha barabara kuu na kushika njia ya Ipamba, hutachukua muda mrefu kufika Tosamaganga. Ni kama kilomita 15 tu kutoka mjini. Miti mirefu ya mikaratusi, udongo mwekundu, nyumba za vigae na kanisa kubwa la misheni humwambia mgeni kwamba hapa watu wamejenga siku nyingi. Ukipita njiani utasalimiwa "Kamwene", nawe utaitikia "Kamwene".

Jina la mahali hapa, kwa Kihehe, huelezwa kuwa na maana ya kutupa mawe. Simulizi hulihusisha na mizinga ya Wajerumani iliyoipiga ngome ya Mtwa Mkwawa huko Kalenga, jirani na hapa, Oktoba 1894. Baada ya vita walikuja wamisionari Wabenediktini, na kuanzia mwaka 1919 wakafuata Wakonsolata kutoka Italia. Leo wengi wanaijua Tosamaganga kwa hospitali yake na kwa shule yake ya sekondari, ambayo imesomesha vijana kutoka kila pembe ya nchi.

Majengo ya umri huo hayasimami yenyewe. Kigae kikipasuka kuna mtu hupanda juu akakibadilisha, na mbao ikioza hutolewa kabla haijaangusha paa. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa.

Lakini katika nyanda hizi kuna kitu kingine cha zamani ambacho hakikupata bahati hiyo. Ni gari la mzee. Kwenye boma nyingi za Iringa, Mufindi, Njombe na Mbeya si ajabu kukuta Land Rover kuukuu nyuma ya nyumba. Tairi hazina upepo, kuku wametaga kwenye kiti cha dereva, na ekseli zimeegeshwa kwenye mawe. Mitaani "gari kuwa juu ya mawe" limekuwa neno la kumsema hata mtu aliyeishiwa fedha.

Kila Krismasi, watoto wanaporudi nyumbani kutoka Dar es Salaam, Dodoma au Mbeya, mmoja wao hulizunguka gari hilo, hugonga bodi kwa kiganja na kusema, "Hili tukilifufua litatembea." Pengine ni kweli. Swali ambalo familia nyingi huchelewa kujiuliza ni litatembea kwa shilingi ngapi, na fedha hizo zitatoka wapi.

Kwa nini Land Rover

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa kwa umma mjini Amsterdam mwaka 1948. Miaka michache baadaye magari hayo yalikuwa yameenea Afrika Mashariki. Serikali, hospitali, misheni, mashamba ya chai na watafiti wa wanyama wote waliyatumia. Kwa muda mrefu mengine yaliunganishwa Kenya, katika kiwanda cha Thika. Aina iliyopendwa zaidi vijijini ni ile ndefu iitwayo 109, yaani inchi 109 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma.

Kwa mtu aliyekulia Nyanda za Juu Kusini, gari hilo lina kumbukumbu zake. Ndilo lililompeleka mama hospitali usiku wa mvua, lililobeba magunia ya mahindi, na lililoleta jeneza la babu nyumbani. Kwa hiyo mtoto anapotaka kulifufua hanunui chombo cha usafiri peke yake. Ananunua pia heshima ya mzee wake, na hapo ndipo hesabu inapoanza kumpotea.

Hamasa nayo imeongezeka. Oktoba 2024 mamia kwa mamia ya Land Rover, mpya kwa kuukuu, yalikusanyika Arusha kwa tamasha la magari hayo. Picha zilisambaa kwenye simu, na wengi waliokuwa na gari juu ya mawe walianza kuota.

Mtego wa kwanza: bodi inadanganya

Bodi ya Land Rover za zamani imetengenezwa kwa aloi ya alumini, ambayo haishiki kutu kama bati la kawaida. Mnunuzi huangalia mlango, huona rangi imefifia tu, na kusema gari ni zima.

Mifupa ya gari hilo, yaani chasisi, ni ya chuma. Imeundwa kama bomba la pembe nne lenye uwazi ndani. Tope na maji huingia humo yakakaa, na chuma huoza kutoka ndani kuja nje. Ukuta wa chuma ulio kati ya injini na miguu ya dereva nao huoza chini. Na mahali ambapo alumini inagusana na chuma, unyevu huharakisha kuliwa kwa alumini yenyewe.

Iringa ina nafuu kuliko Tanga au Dar es Salaam, kwa sababu iko juu, mbali na chumvi ya bahari, na kuanzia Mei hadi Novemba mvua ni chache. Hata hivyo gari lililokaa miaka 20 kwenye nyasi halijasalimika. Fundi mwaminifu hulala chini ya gari na kugonga chasisi kwa nyundo ndogo kuanzia mbele hadi nyuma. Sehemu nzima hulia kwa sauti kali, iliyooza hulia kama debe bovu. Kazi hiyo haizidi nusu saa, na ifanyike kabla fedha yoyote haijatoka mfukoni.

Mtego wa pili: gari ni la nani?

Gari la marehemu ni mali ya mirathi. Mtoto mmoja anaweza kutumia mamilioni yake kulitengeneza, na siku linapowaka ndugu wakaja kusema ni la wote. Kisheria wana hoja. Kama hakuna msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, hakuna mwenye mamlaka ya kumkabidhi mtu gari hilo wala kusaini mauzo yake.

Njia salama inaanzia kwenye kikao cha ukoo na muhtasari wake, kisha mahakamani pamoja na cheti cha kifo, halafu kwenye ofisi ya TRA kubadilisha jina kwenye kadi. Magari mengine yaliegeshwa kabla namba zinazoanza na herufi T hazijaanza kutumika. Hayo bado yana namba za kizamani, na kadi huenda ilishaliwa na mchwa. Namba ya chasisi iliyopigwa kwenye chuma ikiwa imeoza au haifanani na iliyo kwenye kadi, simamisha kila kitu hadi jambo hilo liishe. Gari lisilo na karatasi, hata likipakwa rangi ya dhahabu, huliuzi kihalali wala hulipitishi mbele ya askari wa usalama barabarani.

Mtego wa tatu: spea ya Kitonga

Kwa Toyota ya juzi, spea iko Iringa mjini. Kwa Land Rover ya miaka ya 1970, fundi atakwambia, "Mzee, hii tuagize Dar." Spea itatafutwa Kariakoo, itapakiwa kwenye basi, itapita Mikumi na Ruaha Mbuyuni, itapanda mlima Kitonga na kushushwa stendi ya Iringa. Ikifika unaweza kugundua ni ya injini ya dizeli, nawe una ya petroli. Basi litairudisha, na nauli ya mzigo italipwa mara ya pili.

Hapo ndipo familia nyingine hushawishika kununua gari la pili ili walichinje, yaani watoe spea zake kuliponya la kwanza. Wakati mwingine inasaidia. Mara nyingi kinachotokea ni boma kuwa na magari mawili juu ya mawe, kwa sababu kilichooza kwenye la kwanza kimeoza na kwenye la pili. Yametoka kiwanda kimoja na kupita barabara zilezile.

Wapo wanaochoka na kufunga injini ya Toyota, Nissan au Isuzu. Gari hutembea, na kwa mkulima hilo laweza kuwa jambo la busara. Ila kuna mambo mawili ya kukumbuka. Badiliko la injini lazima liandikishwe TRA ili kadi ifanane na gari, sawa na badiliko la rangi. Na gari lililobadilishwa injini hupoteza thamani mbele ya wakusanyaji wa magari ya kale, ambao hulipa zaidi kwa lile lenye injini yake ya asili.

Mtego wa nne: "kwa kuwa tumeshafungua"

Kazi huanza na jambo dogo, tuseme breki. Fundi akifungua gurudumu anakuta beringi imekwisha. Akitoa beringi anaona ekseli imechimbika. "Bosi, kwa kuwa tumeshafungua, tumalize na hii." Hakuna uongo hapo, gari la miaka 50 ndivyo lilivyo. Lakini kila sentensi ya namna hiyo ina bei yake, na hakuna anayezijumlisha.

Gari likishafunguliwa lote, mwenye nalo amefungwa. Gari zima lisilowaka bado lina mnunuzi. Gari lililo vipande kwenye ndoo na magunia, nusu gereji na nusu stoo, karibu hakuna anayelitaka. Mzazi hujikuta anaongeza fedha kwa sababu moja tu, kwamba ameshaingiza nyingine nyingi. Fedha iliyokwisha kuzama hairudishwi kwa kuifuatisha na nyingine. Kila mwezi swali liwe lilelile: kuanzia leo kilichobaki kinagharimu kiasi gani, na kinafaa?

Hesabu ya mezani

Tuchukue mfano. Namba hizi ni za kuonyesha namna ya kupiga hesabu, si bei za soko. Kila familia iweke za kwake baada ya kuuliza kwa mafundi wawili au watatu.

Kununua gari: 4,000,000
Kuchomelea chasisi na kunyoosha bodi: 2,500,000
Injini, pamoja na kukereza, pistoni, ringi na gasketi: 2,800,000
Giaboksi, klachi na difu: 1,600,000
Breki na springi: 1,200,000
Tairi tano: 1,750,000
Waya, betri, stata na taa: 900,000
Rangi, viti na turubai: 2,000,000
Kulivuta gari na kusafirisha spea: 750,000

Matengenezo peke yake ni shilingi 13,500,000. Ongeza asilimia 30 ya dharura, kwa sababu gari la zamani halikosi jambo la kushtukiza, unapata 17,550,000. Jumlisha na bei ya kununua, inafika 21,550,000. Ile milioni nne iliyoonekana kubwa siku ya kwanza ni chini ya moja ya tano ya safari nzima.

Sasa iweke kwenye maisha ya nyumbani. Familia inayoweza kutenga shilingi 300,000 kila mwezi itachukua miezi 59 kuimaliza kazi hiyo, yaani karibu miaka mitano. Mtoto anayeingia kidato cha kwanza leo atakuwa amemaliza cha nne gari likiwa bado halijapigwa rangi. Ada imefutwa katika shule za serikali, lakini nauli, sare, godoro, madaftari na matumizi ya bweni havijafutwa.

Wanaoshindwa kusubiri miaka mitano hukopa. Mkopo wa SACCOS au VICOBA ulikusudiwa mbegu, mbolea au biashara, vitu vinavyorudisha fedha. Gari lililo juu ya mawe halirudishi chochote hadi siku litakapotembea, huku rejesho likidaiwa kila wiki. Na anayekimbilia mikopo ya kausha damu kwa ajili ya giaboksi ameiweka nyumba yake rehani kwa kitu kisichowaka.

Mtego wa tano: bei ya ndoto

"Wazungu wanayanunua kwa bei mbaya." Maneno haya yamewatoa wengi fedha. Ni kweli kwamba mwaka 2016 kampuni ya Land Rover yenyewe ilianza kufufua magari 25 ya toleo la kwanza na kuyauza kuanzia pauni 60,000. Lakini hayo yalifufuliwa na kiwanda kwa spea halisi na kumbukumbu kamili za kila gari. Na hata Ulaya wapo wengi wanaotumia kwenye gari fedha nyingi kuliko watakazopata wakiliuza. Wanalipia burudani yao na wanajua hivyo.

Gari lililofufuliwa chini ya mti Iringa, lenye spea za mchanganyiko, halikai kwenye soko hilo. Mnunuzi wa kweli wa hapa ni mkulima au mfanyabiashara wa mbao Mafinga, na yeye huliangalia kama chombo cha kazi. Ataanza kwa kuuliza linakula mafuta kiasi gani. Injini ya petroli ya gari hilo huenda kati ya kilomita tano na saba kwa lita. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA inapotangaza bei mpya, mwenye Land Rover husikiliza kwa makini kuliko jirani yake mwenye gari dogo.

Bima nayo ina lake. Bima ndogo hulipa madhara uliyomfanyia mwingine, haikulipi gari lako. Ukitaka bima kubwa, kampuni hutazama thamani ya gari sokoni, wala haitazami fungu la risiti ulilonalo. Familia iliyotumia milioni 21 kwa gari ambalo soko linasema ni la milioni 10 ikipata ajali, italipwa kwa hesabu ya soko.

Amueni kwanza mnataka gari la namna gani

Hakuna anayesema gari la mzee litupwe. Kinachookoa familia ni kuamua mapema, baba, mama na ndugu wakiwa mezani, mnachagua njia ipi kati ya tatu.

Ya kwanza ni kulitunza lilivyo. Lisafishwe, liondolewe kwenye nyasi, liwekwe juu ya magogo makavu chini ya banda la bati, tope litolewe ndani ya chasisi na chuma kipakwe oili. Gharama yake ni ndogo na kumbukumbu inabaki. Makumbusho ya Taifa pale Dar es Salaam yana magari yaliyowahi kutumiwa na viongozi wa nchi, na watoto huenda kuyatazama yakiwa yamesimama. Gari la kumbukumbu si lazima litembee.

Ya pili ni kulifanya litembee kwa kazi. Hapa fedha iende kwenye chasisi, breki, usukani, injini na tairi, na iishie hapo. Rangi na viti vipya visubiri. Kipimo ni kimoja: je, mizigo litakayobeba kwa mwaka italipa matengenezo yake?

Ya tatu ni kulirudisha kama lilivyotoka kiwandani. Hii ni anasa, na hakuna dhambi kwenye anasa kama ada zimelipwa, nyumba imeezekwa na akiba ya ugonjwa ipo. Familia nyingi huumia kwa kuanza na njia ya pili, kisha wakateleza hadi ya tatu bila kikao chochote.

Kwa watakaoendelea, mafundi wazuri wenyewe hupendekeza haya:

Andikianeni na fundi, hata kwenye karatasi ya daftari: kazi gani, kwa bei gani, kwa siku ngapi. Malipo yatolewe kwa hatua, kazi ikionekana.

Piga picha kila kinachofunguliwa. Weka bolti kwenye mifuko iliyoandikwa jina la sehemu yake. Vitu vya thamani kama stata, kabureta na taa vikae nyumbani, visikae kwenye gereji bubu isiyo na ukuta.

Dai spea ya zamani kila unaponunuliwa mpya. Utajua kama kweli imebadilishwa, na ya asili inaweza kukerezwa na kutumika tena.

Malizeni mfumo mmoja kabla ya kufungua mwingine, ili mkiishiwa fedha katikati mbaki na gari, si rundo la vyuma.

Wekeni kiasi cha mwisho na kukiandika. Kikifika, kazi inasimama hadi familia ikutane tena. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari hilo mwenzi wako awe na haki ya kulifungua siku yoyote.

Likianza kutembea, breki na taa zikaguliwe na lipate stika ya Nenda kwa Usalama kabla ya kubeba watoto. Barabara ya Iringa hadi Mbeya ina malori mengi na kona zake. Gari la zamani halina mifuko ya hewa, na mengi hayakutoka kiwandani na mikanda ya viti vya nyuma.

Jumapili misa ikiisha Tosamaganga, watu hutoka kanisani wakateremka taratibu, wengine kwa miguu, wengine kwa bodaboda. Mara mojamoja hupita Land Rover kuukuu ikinguruma, mzee yuko mbele na wajukuu wamejaa nyuma wakipunga mikono. Inapendeza kuitazama. Itapendeza zaidi kama wajukuu hao, shule zitakapofunguliwa, hawatabaki nyumbani wakisubiri nauli iliyokwenda kununua difu.